Jiwe Moja kwa Kila Msumeno

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, Mkurugenzi mpya alisimama mbele ya trakta ndogo ya kiwanda chetu cha mbao, akahesabu mawe kumi na moja yaliyopangwa kwenye sakafu yake, chini ya miguu ya dereva, kisha akauliza ni ya nini. Nina hakika na saa hiyo. Nilikuwa mtunza ghala, na kila asubuhi niliandika saa ambayo misumeno ya mota, tuliyoiita tronsonezi, ilitoka mikononi mwangu. Misumeno miwili ilikuwa imekwisha kutoka. Wa tatu nilikuwa bado nimeushika.

"Papa, hii mawe iko ya nini?"

"Ya kazi, Citoyen Directeur," dereva alijibu; "mwananchi" ndiyo ilikuwa heshima ya wakati ule.

"Kazi gani? Tunajenga nyumba?"

"Hapana. Iko inashikilia mbele."

"Inashikilia nani mbele?"

Aliyejibu ni mkataji wetu mkubwa, mtu ambaye mdomo wake ulianza kazi kabla ya mikono. "Citoyen Directeur, kila tronsonezi iko na jiwe yake. Ukitoa mutoto, Papa anaweka pacha. Ukirudisha mutoto, anaondosha pacha. Hata shoka iko na pacha yake. Sisi tulishaka kuzoea."

Wafanyakazi walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa na wiki tatu tu tangu akabidhiwe kiwanda, baada ya mwenye mali wa kwanza, ambaye alikuwa mgeni, kunyang'anywa kwa amri ya serikali. Alikuja na suti mbili nzuri za abakosi, gari moja, na hofu ambayo hatukuijua bado. Alirudi nyuma hatua moja.

"Bon. Nimeelewa," alisema. "Kindoki. Siku ya kwanza nitakuja hapa asubuhi. Nikikuta jiwe hata moja juu ya mashini yangu, utatoka pamoja nayo. Utachagua, Papa: mawe ao kazi."

Kindoki ni uchawi, na katika mji wetu neno hilo halifutiki. Mtu aliyeachishwa kazi kwa ulevi aliweza kupata kazi nyingine bandarini au kwenye reli. Aliyeachishwa kwa kindoki hakuandikwa popote, na mke wake aliuziwa muhogo kwa mkono wa kushoto. Hicho ndicho dereva alichoweza kupoteza. Alipewa Jumamosi iliyobaki na Jumapili nzima kuamua, maana siku ya kwanza kwetu ni Jumatatu. Lakini alichochagua hakieleweki bila kumjua mwenyewe.

Tulimwita Papa Shofere, yaani Baba Dereva. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana na shingo iliyoinama kidogo kulia, kwa sababu ya miaka mingi ya kugeuka nyuma kutazama mzigo anaouvuta. Trakta yake nayo ilikuwa fupi. Mgeni aliinunua makusudi ndogo: ilipita katika vijia vya msituni, nje ya barabara ya Buta, upande wa Masako na mbele zaidi, ambako lori lisingeweza kugeuka. Asubuhi ilipeleka vyombo: misumeno mitatu, mashoka, kabari za chuma, minyororo, tupa, na madumu ya esansi, yaani petroli. Mchana ilivuta magogo madogo na mbao nene, ambazo sisi tuliziita madriye, hadi kando ya barabara, na huko lori lilizichukua.

Mwanzoni, vyombo vilirundikwa nyuma ya kiti. Misumeno iligongana njia nzima. Meno yalifika butu, esansi ilimwagika juu ya kamba, na mara moja mnyororo wa msumeno ulichana gunia la chikwangue, mikate ya muhogo ya wafanyakazi, wakala chakula chenye ladha ya mota. Papa Shofere hakulalamika. Alichukua kipande cha mvule, akakaa nacho majuma mawili, na akatengeneza sanduku lililofungwa kwa boliti mbele ya trakta.

Nimeona makabati ya maofisa yasiyo na ustadi wa sanduku lile. Kati yake na radieta aliacha nafasi ya vidole vinne ili hewa ipite. Kila msumeno ulikuwa na tundu lake: lile bapa la chuma ambalo mnyororo huzungukia lilitumbukia chini, na tundu lilitandikwa mpira wa tairi kuukuu ili meno yasiguse kitu kigumu. Esansi ilikaa kushoto kwa sababu bomba la moshi lilikuwa kulia. Shoka lilikuwa na tundu lenye umbo la shoka, kabari tundu la kabari. Hata tupa, ambayo mtu angeweza kuitia mfukoni, ilikuwa na mahali pake. Matundu kumi na moja. Jioni, hakuwasha trakta mpaka yote yamejaa.

"Tundu tupu iko inaongea," alisema. "Inasema: kuna kitu mumeacha kwa majani."

Kwa namna hiyo, katika miaka yote niliyokuwa ghalani, hatukupoteza chombo kimoja msituni. Hilo nililielewa bila shida. Kilichonisumbua ni mawe.

Yalikuwa mawe laini ya mto, aliyoyaokota kwenye maporomoko ya Tshopo. Yalikaa sakafuni, katikati ya trakta. Walipofika kazini na mkataji akainua msumeno wa kwanza, Papa Shofere aliinama, akachukua jiwe fulani, na kuliweka katika tundu la msumeno ule. Si jiwe lolote. Kila moja lilikuwa na mkwaruzo wake. Jioni msumeno uliporudi, jiwe lilitoka na kurudi chini ya miguu yake. Alifanya hivyo kimya, na kwa heshima kidogo, nadhani kwa sababu mgongo ulimuuma. Lakini mtu anayeinama polepole mbele ya jiwe, kila siku, machoni pa wenzake anafanya ibada.

Mimi si mtu wa kuridhika na neno "ibada". Sikumaliza shule ya kati. Ninachokijua nimekipata kwa vitabu vya kuokota na kamusi moja ya Kifaransa isiyo na herufi A. Basi jioni moja nilimwomba aniachie mawe na vyombo ghalani, nikavipima kwenye mizani yetu. Msumeno mkubwa: kilo kumi na nne na gramu mia mbili. Jiwe lake: kilo kumi na nne kamili. Shoka la kwanza na jiwe lake havikupishana hata gramu hamsini. Hakuwa na mizani. Nilipomuuliza alivyofanya, alinionyesha: ubao juu ya gogo, chombo upande huu, jiwe upande ule, na subira.

"Kwa nini uzito uwe sawa, Papa?"

"Kwa sababu mbele inajua."

"Mbele inajua nini?"

"We mutu ya karatasi, unapenda maneno mingi. Kuja siku moja ukae hapa juu. Utaelewa na matako."

Nilijaribu kukisia. Labda mawe yalizuia maji ya mvua kuingia katika matundu? Hapana, mawe hayakuziba vizuri. Labda yalikuwa hesabu ya vyombo vilivyotoka? Lakini tundu tupu lingetosha kwa hesabu. Nikamwuliza kwa nini basi asiyaache mawe mbele siku zote, pamoja na vyombo, apumzike kuinama.

"Ikizidi mbele, inalala kwa matope kama nguruwe," alisema. "Ikipunguka, inasimama kama mbuzi. Mimi napenda itembee kama trakta."

Leo ninaona kwamba aliniambia kila kitu katika sentensi hiyo. Wakati ule niliiandika katika daftari chini ya kichwa "Misemo".

Misemo yake mingine ninayo pia. "Chuma haina haraka, ni mutu iko na haraka." "Mashini haijue wewe ni mutoto ya nani." Na kwa mkataji, aliyependa kuwasha msumeno huku ameegemea mti: "Endelea. Siku moja mguu yako itarudi kwa nyumba, Mangobo, mbele yako."

Mkataji naye hakumwacha salama. "Papa, leo ile jiwe yangu imekata miti ngapi?"

"Inakushinda. Haiombe sigara."

Mtu huyu wa mpangilio alikuwa, nyumbani kwake katika mtaa wa Mangobo, hana mpangilio wowote. Nilikwenda huko mara nyingi. Shati lake lilikuwa juu ya mlango, kiatu kimoja chini ya kitanda na kingine kwa jirani. Mke wake, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha ghafla, alinishitakia: "Kwa kazi yenu kila kitu iko na shimo yake. Hapa nyumbani, miaka yote hii, hajue kijiko inakaa wapi. Nimemwambia anitengenezee na mimi sanduku. Anasema nyumba haitembee."

"Ni kweli haitembee," Papa Shofere alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

Hakujua kusoma. Alipopokea mshahara hakutia dole gumba kama wengine. Alichora spana ndogo, safi kabisa, na mhasibu alizoea. Alikuwa mchache wa maneno na watu, lakini na trakta alizungumza njia nzima. Aliiamuru ipande, aliipongeza, aliisuta. Hakuwahi kusema "nazima mota", alisema "nailaza".

Na alikuwa mchezaji wa ngoma. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Nyakati zile za Chama kimoja, kila kampuni ilikuwa na kikundi cha wafanyakazi cha kuimba na kucheza katika sherehe, kumsifu Kiongozi. Wengi wetu tulicheza kama watu wanaokanyaga siafu. Papa Shofere aliwekwa mstari wa kwanza, katikati. Shingo yake ilinyooka, mabega yake yalianza kuzungumza, na kinamama walipiga vigelegele. Sherehe ikiisha, shingo ilirudi upande wake wa kulia na mdomo ukafungwa. Nilimwuliza kama aliamini maneno tuliyoyaimba. "Ngoma ilikuwa muzuri," alisema.

Aliogopa maji. Aliyeokota mawe ya mtoni kwa mikono yake hakukubali kuvuka mto kwa mtumbwi, hata kwenda kwenye matanga upande wa pili. Aliogopa pia sindano, na mbwa weupe. Trakta hakuiogopa, lakini hakuiamini. "Iko ndogo," alisema, "na kitu kidogo kikikasirika hakionyeshe mapema."

Basi tulijua ameambiwa achague, na Jumapili alasiri nilikwenda kwake kuona amechagua nini. Mawe yote kumi na moja yalikuwa uani, amemzungushia mke wake jiko.

"Umetii," nilisema.

"Nimeondosha mawe. Kutii ni kitu ingine."

"Mwelezee Mkurugenzi. Mwambie ni uzito."

"Nilimwambia inashikilia mbele. Hakusikia. Ukimwambia mutu mara mbili kitu ameshaogopa, anaogopa mara mbili."

Mke wake hakucheka siku hiyo. "Mwambie, tafazali," aliniomba, kana kwamba mume wake hakuwapo. "Avute hiyo miti tu. Mawe ao hapana mawe, avute. Asituletee hilo jina kwa mlango."

Papa Shofere aligeuza kipande cha muhogo kwenye makaa. Niliondoka bila kujua atafanya nini.

Jumatatu trakta ilitoka uwanjani bila jiwe hata moja, na Mkurugenzi, aliyesimama barazani, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Misumeno ilikuwa mbele, katika matundu yake. Wakafika kazini salama, wakatoa misumeno, wakaanza kukata. Ulipofika wakati wa kuvuta madriye ya kwanza, Papa Shofere aliilaza mota, akashuka, akakaa juu ya gogo.

"Mbele iko na njaa," aliwaambia. "Haivute."

Walimbembeleza. Mkataji mwenyewe, bila mzaha sasa, alimwambia: "Papa, vuta moja tu. Huyu mutu atakufukuza kweli."

"Anifukuze nikiwa na mifupa yangu."

Mtu alitumwa mjini kwa baiskeli. Mkurugenzi alinichukua garini pamoja na daftari langu. "Utaandika," aliniambia. "Saa, siku, na maneno: amekataa kazi. Nataka karatasi safi." Tulifika saa tano na dakika arobaini. Tuliacha gari barabarani, tukaingia kwa miguu, na viatu vyake vyeusi vikawa vyekundu kwa udongo.

"Alors, Papa? Mawe yametoka, na nguvu imetoka?"

"Nguvu iko, Citoyen Directeur. Uzito ndiyo haiko. Tronsonezi zote biko chini, mbele iko wazi. Nikivuta na muti ikikamatwa na kisiki, trakta itapanda juu ya mutu."

"Trakta itapanda juu ya mutu," Mkurugenzi alirudia, akiwageukia wafanyakazi. Hakuna aliyecheka. "Andika," aliniambia.

Niliandika.

"Hii mashini inaendeshwa na mafuta, hapana na mawe. Mimi naendesha gari tangu Kinshasa. Ondokeni." Akavua koti la abakosi, akanipa nilishike, akapanda kwenye kiti. Nakiri kwamba nilifurahi kidogo: nilidhani sasa nitajua.

Papa Shofere alisimama. "Usipande, tafazali. Papa, nakuomba. Shuka." Hakumwita tena Citoyen wala Directeur. Alimwita kama mtu anavyomwita mkwe wake.

Mota iliwaka. Mnyororo ulikaza nyuma. Madriye ilisogea mita moja, mbili, kisha pembe yake ikaingia chini ya mzizi wa kisiki na kukwama. Dereva yeyote wa trakta angeachia hapo hapo. Mwenye gari, gari likisita, huongeza moto. Mkurugenzi aliongeza moto.

Magurudumu ya nyuma hayakuteleza, yalishika. Kwa kuwa mzigo haukutaka kwenda, ni trakta iliyozunguka juu yake yenyewe: magurudumu ya mbele yaliinuka kutoka ardhini, bila haraka yoyote, kama mbuzi anayefikia majani. Nililiona sanduku la mvule likipanda mbele ya uso wa Mkurugenzi, tupu, matundu yote kumi na moja wazi. Mikono yake ilishika usukani kwa nguvu zaidi, kama watu wote wanavyofanya, na mguu wake ulibaki palepale ulipokuwa, juu ya moto.

Papa Shofere aliruka. Mtu wa umri wake, mwenye mgongo wa kuuma, aliruka akajitupa kifua juu ya sanduku, akaning'inia hapo. Trakta ilisita. Akapiga kelele, "Debreyage! Mguu wa kushoto! Kanyaga!" Na Mkurugenzi, ambaye hakuwa amewahi kuamriwa na mtu wa chini yake, alikanyaga klachi. Mbele ikaanguka kwa uzito wake wote, na mguu wa kulia wa Papa Shofere ulikuwa chini, kati ya sanduku na shina la mti uliokatwa asubuhi ile.

Sauti ya mfupa si kubwa kama watu wanavyodhani. Tulimtoa, tukamfunga kwa mipini miwili ya shoka, tukambeba hadi kwenye gari. Njiani hakulia. Aliuliza kama esansi imemwagika.

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo kwa miaka mingi nimelieleza na watu hawaniamini. Kesho yake Mkurugenzi aliniita ofisini. Karatasi ya "amekataa kazi" ilikuwa mezani. Aliichana mwenyewe vipande vinne. Nilidhani ameelewa. Kisha akashusha sauti.

"Umeona? Tuliondosha mawe, na siku ile ile. Siku ile ile! Hiyo mawe iko na nguvu ya kweli. Mimi ndiye nilikosea. Tuma gari kwa nyumba yake, balete yote. Polepole."

Mawe kumi na moja yalirudi kiwandani kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mkurugenzi, juu ya kitambaa. Mke wa Papa Shofere aliyatoa jikoni yakiwa na masizi, na hakuna aliyethubutu kuyaosha. Nilijaribu kuzungumza juu ya uzito. Nilichora mstari, kisiki, magurudumu. Mkurugenzi alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, kwa siri, jiwe lipi lina nguvu zaidi, na kama moja dogo lingeweza kukaa katika droo yake.

Hivyo Papa Shofere hakufukuzwa. Baada ya miezi minne ya kitanda alirudi, mguu umepinda nje kama mpini mbaya, na akakuta mahali pake pamehifadhiwa, na mshahara wake umelipwa. Jina ambalo mke wake aliliogopa lilifika mlangoni pia, lakini limevaa nguo nzuri. Watu walimsalimu kwa mikono miwili. Mwanajeshi mmoja wa kambi ya Kapalata alimletea kuku, akiomba kijiwe cha kupandishwa cheo. Alimrudishia kuku.

"Banaogopa jiwe," aliniambia, akisugua goti. "Uzito ndiyo kitu ya kuogopa. Hiyo habaiogope."

Aliendelea kuinama, tundu kwa tundu. Lakini sasa, alipoinama, mkataji alivua kofia, na hakuna aliyemtania tena. Nadhani hilo lilimuuma. Siku moja nilimsikia akimwuliza mkataji mwenyewe: "Ile jiwe yako, leo imekata ngapi?" Mkataji alijibu, "Ni wewe unajua, Papa," akaondoka. Tangu siku hiyo Papa Shofere aliacha pia kucheza katika sherehe. Alisema ni mguu. Huenda.

Kiwanda kilikufa polepole, kama vingine vingi vya wakati ule. Vipuri havikufika, mishahara iliruka miezi, gari la Mkurugenzi liliuzwa, kisha Mkurugenzi mwenyewe hakuonekana tena. Mimi nilipata kazi ya karani kwenye duka la vyuma mjini. Miaka ikapita bila kumwona Papa Shofere, na nitakuwa mkweli: kwa sehemu nilimkwepa.

Nilimkuta tena asubuhi moja ya kiangazi, Mangobo, nilipokwenda kumtafuta fundi wa mipini ya shoka ambaye watu walimsifu. Alikuwa yeye. Amekaa kwenye kiti kifupi, mguu mbovu umenyooshwa mbele, vumbi la mbao mapajani. Mke wake alikuwa ameshafariki. Vyombo vyake vilitapakaa ardhini pande zote, na alitafuta kisu kwa muda mrefu huku amekikalia.

"Mutu ya karatasi," alisema. "Umenenepa. Bado unaandika saa?"

"Bado, Papa."

Tuliongea juu ya hawa na wale. Kisha akajaribu mpini kwenye bega lake, akauliza: "Ulikuwa unasoma vitabu. Kwa Bazungu, kule kwenye banatengeneza trakta, beko banaweka nini mbele?"

Nilijua swali hilo lingekuja siku moja. Nilimweleza. Wenye kiwanda cha trakta wanajua jambo lile lile alilolijua yeye. Wanatengeneza vipande vya chuma vizito, vinavyofungwa mbele kwa boliti, na wanaviuza pamoja na trakta. Imeandikwa katika kitabu chake.

Alifurahi. Nimeona watu wachache wakifurahi hivyo. Alipiga paja kwa mkono. "Kumbe! Kumbe si mimi peke yangu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Na yetu, haikuja nayo?"

Ningeweza kusema sijui. Hakuna mtu hai aliyebaki ambaye angenisahihisha. Lakini alikuwa ametandaza ule mguu kati yetu.

"Haikuja nayo kwa sababu yangu," nilisema.

Nikamweleza polepole. Mwenye mali wa kwanza alipoagiza trakta, mimi nilikuwa karani mpya, mwezi wa pili kazini. Alinipa orodha ya bei, akaniambia nitafute cha kupunguza. Nilisoma mstari baada ya mstari na kamusi yangu. Nilipofika kwenye vipande vinne vya uzito wa mbele, nilijiuliza ni mpumbavu gani anayenunua uzito: trakta nzima si ni chuma? Nikaufuta kwa mstari. Mwenye mali aliipenda akili hiyo. Ndiyo sababu alinipa ghala. Nilikielewa kitabu cha trakta wakati Papa Shofere alipokuwa amelala na mguu wake juu ya mito, nami nilikifunga, nikakirudisha kwenye rafu.

Papa Shofere alisikiliza shingo yake ikiwa imeinama kulia. Hakukasirika kwa namna ambayo ningeweza kuiona. Alichukua tena mpini, akautazama kwa jicho moja kama umenyooka, akauweka chini.

"Mutu ya karatasi hasahau bei," alisema. "Ulimupunguzia boss pesa ngapi?"

"Zaire sitini na nne, Papa. Na makuta hamsini."